Mate Yasiyo Yangu

Mount Druitt, Sydney
Jumapili, 5 Machi 2023

Kwa Kelepi, mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hatujambo, isipokuwa shemeji yako ana goti, na hilo goti linauma zaidi vyombo vikiwa vichafu. Watoto wanakula. Magimbi ya huku yamekauka kama visigino, ila tunayapika hivyo hivyo. Msalimie Meliame mkeo, na binti zangu wote. Nasema binti zangu kwa sababu mimi ndiye shangazi. Wewe umewekwa hapo kuwalinda tu. Mwambie Lupe nangoja picha za harusi yake.

Sasa kaa chini. Nimejaribu simu, lakini kila nikikaribia jambo lenyewe unasema, "Huyu hapa Meliame," na kabla sijavuta pumzi naongea na mkeo habari za mvua. Najua ni heshima. Kaka na dada hatukai chumba kimoja kutazama sinema, tutaongeleaje mwili? Ndiyo maana naandika. Karatasi haioni haya.

Ule upasuaji ulionikosesha harusi ya Lupe mwaka jana, niliosema ni wa tumbo, haukuwa wa tumbo. Panda juu kidogo. Umefika. Rudi haraka.

Nimepona, au tuseme naendelea kupona. Nakuandikia kwa sababu nyingine. Kanisani kwetu kuna kamati ya akina mama. Watafiti wa saratani walikuja na biskuti wakataka tutie sahihi. Tukawaambia kaeni kwanza. Tukawauliza mpaka biskuti zikaisha: mate yetu yatawekwa wapi, nani atayagusa, majibu tutayapata lini na kwa lugha gani. Sasa hawatoi swali kwa watu wetu mpaka sisi tumelisoma na kulinyoosha.

Katika vile vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, mimi wamenikuta na badiliko ambalo hawajawahi kuliona. Mabadiliko ya Wazungu wanayajua mengi, maana Wazungu ndio waliotema mate miaka yote hiyo. La kwangu hawajui kama ndilo lililoniletea ugonjwa au limekaa tu kama chunusi. Ili wajue, wanahitaji ndugu zangu wa damu, wagonjwa na wazima, na wanaume pia. Baba anaweza kumrithisha binti yake kitu hicho sawasawa na mama. Na wewe una nyumba iliyojaa mabinti.

Kichupa hiki kinaletwa na wanakwaya wetu wanaokuja huko. Usile wala usinywe nusu saa, kisha tema mpaka kwenye mstari. Povu halihesabiwi. Jaza fomu, umpe Nesi Ilaisaane pale kliniki.

Mimi dada yako,
Siokapesi


Lifuka, Ha'apai, Tonga
16 Aprili 2023

Dada Siokapesi, mkubwa wangu,

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili. Huku tuko salama. Jirani yangu Sosaia, yule ninayekunywa naye kava, nguruwe wake aliingia kanisani Ijumaa Kuu akalala chini ya viti vya wazee. Watu wanasema kati ya wote waliolala pale, yeye peke yake hakukoroma.

Viazi vikuu vimetoka vizuri. Bendi ya kanisa ipo, ila mimi nimeacha lile tarumbeta kubwa la kuegemeza kifuani. Sasa napiga ngoma. Ni uzee tu. Tarumbeta amechukua Sosaia, na akilipuliza mbwa wanahama kijiji. Meliame atakuambia kwamba siku hizi naoga na fulana mwilini. Usimsikilize, maji ni ya baridi.

Pole kwa, yaani, pole kwa lile ulilolisema. Nililisoma nikiangalia pembeni. Pole sana, dada.

Kuhusu mate, usiwe na wasiwasi. Yamefika mstarini na kupita. Nilitema mwenyewe, nikafunga mwenyewe, nikampa nesi mwenyewe.

Mdogo wako mtiifu,
Kelepi


Mount Druitt
11 Juni 2023

Kelepi,

Sisi hatujambo. Goti halijambo. Salamu zimeisha.

Juzi Bi. Glenys, yule mama wa ushauri pale kwenye mradi, aliniita ofisini. Akafunga mlango. Akanimiminia chai. Mzungu akikufungia mlango na kukumiminia chai, jua kuna maiti. Akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Je, inawezekana vichupa vilichanganyika huko nyumbani?" Nikamwambia haiwezekani, kaka yangu ametema mwenyewe, amefunga mwenyewe, amempa nesi mwenyewe. Nilimsomea barua yako! Akaniongezea sukari.

Kelepi, mate yale si ya ndugu yangu. Mashine imeyalinganisha na yangu ikakuta hatuna undugu hata wa kuombana chumvi.

Unajua nilivyokaa kwenye kile kiti? Nilimfikiria mama yetu, marehemu, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyekuwa akifunika hata miguu ya meza. Nikasema hapana. Nikamfikiria tena, nikajichukia. Kwenye basi la kurudi nikaanza kufikiria sura ya yule mhubiri aliyekuja mwaka uliozaliwa wewe. Umenifanya nimshuku mama yangu ndani ya basi, nimebeba mfuko wa vitunguu!

Halafu nikakumbuka kwamba una masikio ya baba. Masikio yale hayapatikani kwa bahati mbaya. Basi mimi na wewe ni ndugu, na kichupa kile kina mate ya mtu mwingine.

Ya nani? Nakuuliza kama dada, na nakuuliza kama shangazi wa watoto wako. Usiniletee habari za nguruwe.

Siokapesi


Lifuka
9 Julai 2023

Dada yangu mkubwa,

Ningekuwa karibu ningekuja kwako nimevaa majani ya mti wa ifi shingoni, kama wanavyofanya watu wakienda kumwomba mkuu msamaha, nikae uani kichwa chini mpaka uniambie inuka. Ukisoma hapa, hesabu kwamba nimekaa uani.

Mate ni ya Sosaia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, tunakunywa kava baada ya kutoka shambani. Kichupa nilikuwa nacho mfukoni kwa wiki nzima. Nilikitoa nikakiangalia. Sosaia akasema, "Hicho nini, dawa ya macho?"

Nikasema, "Ni cha kutemea mate. Kwa ajili ya utafiti wa dada, wa ule ugonjwa wa akina mama."

"Sasa unangoja nini?"

"Sina mate."

"Mtu mzima huna mate! Lete hapa. Mimi ninayo mpaka ya kugawa."

Nilimpa, dada. Sikumlazimisha na yeye hakuniuliza zaidi. Kumbe kava ilishamkausha kinywa. Akatema, povu tupu. Akasema, "Nitajie chakula." Nikamtajia nguruwe wa kuchoma. "Endelea." Nikamtajia majani ya magimbi na nyama ya kopo, yamepikwa na tui ndani ya shimo. Akafumba macho, akasema, "Polepole kwenye tui, Kelepi, usinikimbize." Ndivyo tulivyofika mstarini.

Nilijiambia nimefanya hivyo kwa heshima, kwamba mate ya kaka na mate ya dada hayafai kulala kabati moja kwa habari za namna ile. Hata sala niliisali nikimweleza Mungu hivyo. Mungu si Sosaia. Alijua nadanganya.

Ukweli ni huu, na nauandika mara moja tu. Chini ya chuchu yangu ya kushoto kuna uvimbe. Nimeandika. Niliugusa wiki ya harusi ya Lupe, wakati najifunga mkeka wa sherehe kiunoni. Ulikuwa mdogo kama punje ya hindi. Sasa ni kama ndimu changa, na chuchu imeingia ndani. Tarumbeta niliacha kwa sababu lilikuwa linanigonga pale pale. Fulana ya kuogea nayo umeshaielewa.

Sikujua kama wanaume wanaupata. Barua yako iliposema "na wanaume pia" nilihisi umeniona. Nikaogopa kwamba mate yatasema. Nikaogopa watu. Mtu anayechimba viazi vikuu virefu kuliko mtoto wake, anakwenda hospitali kuonyesha titi? Hapa kisiwani wangeniita Mama Kelepi mpaka kaburini, na mchungaji angelisema hivyo akijisahau.

Meliame hajui. Watoto hawajui. Wewe ni wa kwanza. Nisamehe kwa mama. Usiwaambie.

Kelepi


Mount Druitt
18 Julai 2023

Kelepi,

Barua hii sikuituma posta. Nimeituma kwa picha kwenye simu ya Nesi Ilaisaane, yeye ameichapisha, na sasa hivi amesimama mlangoni kwako. Nimemwambia aseme ni mambo ya presha. Haondoki mpaka uvae viatu.

Mama Kelepi ni jina zuri. Mchungaji akijisahau, mjibu, "Bee."

Sasa sikiliza, maana nalia na sitaki wino umwagike. Nimekusamehe ya mate. Ya mama nitakusamehe nikifika makaburini kwake nikamwomba radhi. Lakini kwamba umekaa na kitu hicho tangu harusi, huku mimi naandika habari za magoti, hilo bado nalitafuna. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilikuambia ni tumbo. Tulilelewa na mtu mmoja, wewe na mimi.

Huo uvimbe unaouficha ndio kitu wanachokitafuta kwa tochi. Mwanamume kupata ugonjwa huu ni nadra. Kama umeupata wewe, na mimi nimeupata, na sote tuna badiliko lile lile, basi wanaanza kujua kwamba si chunusi. Bila wewe wataendelea kuniambia "hatuna uhakika" mpaka niote mvi. Na binti zako hawatajua kama wapimwe au wasipimwe. Lupe ana umri gani sasa? Unataka aje aupate akiwa peke yake bafuni, afiche na fulana?

Siwaambii watu wako. Utawaambia wewe. Mwambie Meliame leo, kabla ya chakula cha jioni. Meli ya kwenda hospitali kuu Nuku'alofa ni Alhamisi.

Vaa viatu.

Shangazi yao


Nuku'alofa
22 Oktoba 2023

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa binamu zetu wa huku mjini ninakolala. Wananilisha kama wananiandalia mnada. Meliame yuko hapa pembeni, anasema umshukuru nesi, na anasema mimi ni mjinga, niliandike neno hilo kama lilivyo.

Nilimwambia siku ile ile, kabla ya chakula, kama ulivyoamuru. Nilizunguka sana. Nilianzia kwenye hali ya hewa. Akasema, "Kelepi, kama ni ule uvimbe wa kushoto, sema, chakula kinapoa."

"Ulijua?"

"Nimelala na wewe miaka yote hii. Ulidhani nalala na gunia?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uwe mwanamume, useme mwenyewe." Kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na niliposogea mlangoni nikamkuta ameshika sufuria tupu.

Hospitali walinipeleka kwenye kliniki ya akina mama, kwa kuwa mashine ya picha iko huko. Benchi zima wanawake, mimi katikati na mkeka wangu wa kiunoni. Bibi mmoja kutoka kisiwa cha 'Eua akaniuliza, "Umemsindikiza nani, baba?"

"Nimejisindikiza."

Akanitazama kifuani, akatazama dari, akasogea kidogo. Nikadhani ananikimbia. Kumbe ananipa nafasi nikae vizuri. Akasema, "Wakikubana pale kwenye mashine, usivute pumzi. Mimi nilivuta." Mchana tulikuwa tunagawana mihogo. Walipoita "mwanamke anayefuata" na ikawa zamu yangu, benchi zima likasema, "Nenda, dada!" Nilicheka mpaka fundi wa mashine akaniambia nitulie, picha inatikisika.

Titi la mwanamume ni dogo, dada, lakini mashine ile haikubali hilo. Inalitafuta.

Walikata kipande wakapima. Ni saratani. Wametoa titi lote na tezi za kwapani. Mbili zilikuwa na ugonjwa. Daktari hakunificha, alisema ningekuja mapema angenikata kidogo zaidi. Nilimwambia ndiyo. Sasa nakunywa vidonge vya kila siku, na kuna sindano zinakuja. Vidonge vinanitia joto usoni ghafla. Meliame anacheka, anasema karibu kwenye chama cha akina mama wa umri wake.

Mate yangu yamekuja huko, ya kweli. Nilitema mbele ya muuguzi na nilimwomba atie sahihi kwamba ameona yakitoka.

Sosaia nimemwambia pia. Akasema, "Kwa hiyo ningeweza kukuua kwa mate yangu." Nikamwambia mate yake hayana kosa, mwenye kosa ni mimi. Akafikiri, akasema, "Wakimaliza nayo, wanirudishie?"

Mdogo wako, mwepesi upande mmoja,
Kelepi


Mount Druitt
28 Januari 2024

Mdogo wangu Kelepi,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Shemeji yako amepona goti siku ile ile watoto waliponunua mashine ya kuosha vyombo. Tumemwombea, Mungu amejibu.

Majibu yako yametoka na umeruhusu nipewe. Unalo. Lile lile langu, mahali pale pale.

Bi. Glenys hakufunga mlango safari hii. Alikuja mwenyewe kwenye kamati yetu kutueleza. Peke yetu wewe na mimi tusingetosha. Lakini kuna familia nyingine za kwetu zilizotema, Auckland na hapa, na wamelikuta badiliko hilo kwa watatu wengine walioumwa. Wameweka yote pamoja na vipimo vya maabara. Wamelitoa kwenye kabati la "hatujui" na kuliweka kwenye kabati la "huenda ni lenye madhara". Kwao hiyo ni hatua kubwa. Bi. Glenys alisema kuanzia sasa Mtonga yeyote, popote, akipimwa akakutwa nalo, daktari wake hatainua mabega. Akina mama wa kamati walipiga makofi, halafu mmoja akauliza, "Kwa hiyo aliyesaidia ni yule kaka wa mate ya jirani?" Una sifa huku, usiseme huna.

Sasa kazi iliyobaki si ya maabara. Kila binti yako ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Anayetaka kupimwa apimwe, asiyetaka asisukumwe. Akikutwa nalo ataanza kupigwa picha mapema, na madaktari watamweleza njia nyingine. Asipokutwa nalo, atalala usingizi. Lakini ili wachague lazima wajue, na lazima wajue kutoka kwako. Mimi ningeweza kuwaamuru, ndiyo haki ya shangazi kwetu. Nimekataa kuitumia. Waambie yote, na ya Sosaia pia. Nasikia umewaambia ni "nyama tu ilitolewa". Kelepi!

Dada yako


Lifuka
14 Aprili 2024

Dada Siokapesi,

Tupo. Nywele zilizoangushwa na sindano zimerudi, laini kama za kifaranga, na watoto wa jirani wanaomba kuzishika. Bendi imenikatalia tarumbeta na ngoma vyote. Napiga matoazi, na napiga mahali pasipostahili.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa sijafanya ulichosema. Nimefanya.

Kwanza nilisema mbele za watu, kwa kuwa kumbe hiyo ni rahisi zaidi. Nesi Ilaisaane aliandaa mkutano ukumbini, wanawake asubuhi na wanaume mchana. Nilivua shati. Mzee mmoja nyuma akasema, "Sasa wewe Kelepi unaombewa kama mwanamume au mwanamke?" Sosaia akasimama, akamwambia, "Vua na wewe tuone kama unayo madogo." Mzee ana matiti makubwa kuliko mke wake, dada. Watu walicheka mpaka wengine wakalazimika kutoka nje, na waliporudi walipanga mstari kwa nesi, na wawili walikuwa na vitu vyao walivyokuwa wanavificha. Mmoja ni mafuta tu. Wa pili amekwenda na meli ya Alhamisi.

Kisha nyumbani. Niliwakalisha binti zako wote, Meliame mlangoni ili nisikimbie. Nikawaambia la ugonjwa, la kurithi, la kichupa, la Sosaia na tui. Wadogo walicheka kwenye tui. Lupe hakucheka. Lupe ana mimba, nilikuwa sijakuambia.

Akaniuliza, "Baba, uliugusa lini?"

Nikasema, "Wiki ya harusi yako."

"Ulicheza na mimi ukiwa nao."

"Nilicheza."

"Na shangazi alipouliza, ukatoa mate ya mtu."

"Nilitoa."

Nilitamani anitukane. Sheria zetu hazimruhusu binti kumtukana baba, nikaona ni sheria mbaya. Alikwenda uani, akakaa huko na mama yake, na mimi nikabaki na wadogo wakiniuliza kama wanaume wanaweza kunyonyesha.

Haikuisha siku ile. Alikaa wiki kadhaa bila kuja kwangu. Juzi amekuja, anatokea kliniki, hajala wala kunywa, na kichupa mkononi. Kwa nesi angeweza kutema pale pale. Amekileta kwangu.

"Shika," akasema. "Mimba inanitia kizunguzungu nikiinama. Shika, usiniangalie."

Nikashika kichupa, nikageuza uso ukutani kama heshima inavyotaka. Akatema. Alikuwa nayo kidogo, akapumzika, akatema tena. Mkono wangu haukutaka kutulia, dada, nikauegemeza kwa mkono wa pili, na yote miwili ikawa inatetemeka.

Akasema, "Baba, tulia. Utanimwaga."

Nimetulia. Amefika mstarini. Majibu yatakuja kwake yeye, na akitaka kuniambia ataniambia.

Kelepi